Nani Ashike Nini: Kugawana Kazi za Kujitolea katika Mpango wa Kufadhili Safari za Mkutano

Swali: Chama chetu cha kitaaluma kinaandaa mkutano wa kimataifa utakaofanyika mwezi wa Oktoba, na kwa mara ya kwanza tumetengewa fungu la kuwasafirisha washiriki wapatao 20 ambao wasingeweza kuja kwa fedha zao wenyewe. Tumejitolea watu sita, wote tuna ajira zetu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kufanya kazi hii. Kila mmoja wetu anataka kuwa kwenye jopo la kuchagua. Je, kazi zenyewe ni zipi, na tugawane vipi?

Jibu: Ndugu msomaji, kilichonifanya nikuandikie jibu refu ni ile sentensi yako kwamba kila mmoja anataka kuwa kwenye jopo. Nimeikuta hali hiyo karibu katika kila kikundi nilichokisaidia, na siwalaumu, kwa sababu kuchagua ndiyo sehemu yenye heshima na ndiyo inayoonekana. Lakini kuchagua humalizika ndani ya wiki tatu, ilhali kumtoa aliyechaguliwa nyumbani kwake hadi kwenye kiti cha ukumbini huchukua miezi mitano, na huko ndiko mipango mingi inakokwama. Barua ya pongezi peke yake haimvushi mtu mpaka wowote. Kwa hiyo ushauri ambao mengine yote yanaufuata ni huu: yule aliye makini kuliko wote kati yenu sita, anayejibu baruapepe siku hiyohiyo na kukumbuka tarehe bila kukumbushwa, msimpoteze kwenye jopo. Mkabidhini viza.

Ipo mifano ya kutazama kabla ya kuanza. The Apache Software Foundation, taasisi ya programu huria, ina kamati ya watu wa kujitolea inayoshughulikia msaada wa safari kwa mkutano uliojulikana kwa miaka mingi kama ApacheCon na ambao tangu 2023 unafanyika kwa jina la Community Over Code. Mradi wa Debian, unaotengeneza mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, nao una timu inayoshughulikia ufadhili wa wanaohudhuria DebConf, mkutano wake wa kila mwaka. Jambo la kujifunza kwao ni kwamba ufadhili wa safari umepewa watu wake na tarehe zake, haukuachwa mikononi mwa wale wanaopanga mada na wasemaji. Ukiwaachia hao, kila jambo la dharura la ukumbini litatangulia, na maombi ya safari yatabaki kiporo hadi muda wa kuomba viza upite.

Kazi ya kwanza ni ya mratibu, na kwa sehemu kubwa ni kazi ya kalenda. Mratibu huhesabu kinyumenyume kuanzia siku ya ufunguzi. Kwa mkutano wa Oktoba, fomu ya maombi ifunguliwe mapema mwezi wa Machi na ifungwe mwishoni mwa Aprili, majibu yatoke kabla ya Mei kwisha, kisha Juni, Julai na Agosti ziachwe kwa ajili ya viza na tiketi. Mkiweza kuanza Februari, anzeni. Mratibu ndiye pia anayeshika anwani moja ya baruapepe ya timu nzima, kwa kuwa mawasiliano yakipita kwenye anwani za watu binafsi, siku mmoja wenu akiugua au akibanwa na kazi yake ya mshahara, mshiriki atabaki akiandikia kisima. Napendekeza mratibu asipige kura katika uchaguzi. Yeye ndiye atakayepokea malalamiko ya waliokataliwa, na ni vigumu kupokea lalamiko kwa utulivu juu ya uamuzi ambao mkono wako umo.

Sasa wasomaji wa maombi. Fanyeni hesabu kabla ya kugawana. Tuseme mmepata maombi 120, kila ombi linasomwa na watu wawili, na kulisoma vizuri kunahitaji dakika 10. Hizo ni dakika 2,400, yaani saa 40, na wasomaji wakiwa wanne kila mmoja ana saa 10 za kusoma baada ya saa za kazi. Zinabebeka, ila zinabebeka kwa wiki mbili, haziwezekani kwa mwisho mmoja wa juma. Nimewahi kuona msomaji aliyejiwekea maombi 60 kwa Jumapili moja. Yale aliyoyasoma asubuhi alikuwa ameyaandikia maelezo ya mistari mitano, na yale ya jioni yalikuwa na neno moja tu: "sawa". Hao waombaji wa jioni hawakutendewa haki, na hakuna aliyekusudia kuwadhulumu.

Mpeni kila msomaji maswali machache ya kutolea alama, na mtenganishe uhitaji na ustahili. Swali la kwanza ni mwombaji ataleta nini na ataondoka na nini. La pili ni amekwisha kufanya nini katika fani hii, hata kama ni kidogo. La tatu, ambalo lipewe alama zake peke yake, ni kama kweli hana mwingine wa kumlipia. Mkichanganya la tatu na yale mawili ya mwanzo, mtajikuta mnafadhili watu mashuhuri ambao waajiri wao wangewalipia bila shida. Alama za wasomaji wawili zikipishana kwa zaidi ya mbili kati ya tano, msichukue wastani. Mwiteni msomaji wa tatu na waacheni wale wawili waeleze sababu zao. Katika jopo moja nililokuwamo, ombi moja lilipata 5 kwa msomaji mmoja na 1 kwa mwingine. Tulipowauliza, ikabainika kwamba aliyetoa 1 alikuwa akisahihisha lugha ya mwombaji, ambaye alikuwa anaandika kwa lugha yake ya tatu, na aliyetoa 5 alikuwa amesoma kile kilichosemwa. Wastani wa 3 ungemwacha nje.

Jambo la kubebana halikwepeki, maana katika fani ndogo kila mtu anamjua mwenzake. Kuficha majina katika raundi ya kwanza kunasaidia kidogo tu, kwa sababu kazi ya mtu humtambulisha hata jina lisipokuwapo. Kinachosaidia zaidi ni kila msomaji kupewa orodha ya waombaji kabla hajafungua ombi lolote, na kuandika ni nani anayemfahamu kwa karibu, awe mwanafunzi wake, mfanyakazi mwenzake, ndugu au hasimu. Maombi hayo yahamishiwe kwa wengine bila maswali. Na kwa kuwa mko sita tu, azimeni wasomaji wawili au watatu kutoka nje ya timu yenu, watakaofanya kazi hiyo kwa wiki mbili na kuondoka. Miaka ijayo watafuteni miongoni mwa waliowahi kufadhiliwa, kwani hawa husoma ombi kwa jicho ambalo sisi wengine hatuna.

Jopo lisimalize kazi kwa kutaja watu 20. Lipange kwa mfuatano watu 30 au zaidi, kwa sababu baadhi ya wale 20 watakataliwa viza, watapata ajira mpya, au watapatwa na msiba. Walio kwenye orodha ya akiba waambiwe wazi kwamba wamo katika akiba, na waambiwe tarehe ambayo baada yake wasisubiri tena. Kumweka mtu gizani hadi wiki ya mwisho si wema, kwa maana hata nafasi ikipatikana wakati huo hatakuwa na muda wa kuomba viza.

Hapo ndipo tunapofika kwa yule mtu wenu makini. Mshika viza hamwombei mtu viza, wala si mwanasheria. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba mwombaji anaingia kwenye ubalozi akiwa na kila karatasi ambayo sisi tunaweza kumpa, na kwa wakati. Siku ileile mtu anapokubali ufadhili, mshika viza amwulize mambo matatu: pasipoti yake inaisha lini, ina kurasa ngapi tupu, na ubalozi unaomhusu uko katika mji gani. Kwa nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja ya pamoja, kwa mfano, pasipoti inatakiwa iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na angalau kurasa mbili tupu, na iendelee kuwa hai kwa miezi mitatu baada ya siku anayokusudia kuondoka katika eneo hilo. Mtu anaweza kugundua mwezi wa Agosti kwamba pasipoti yake inakufa Novemba, na wakati huo kila mtu amekwisha kuchelewa.

Sheria hizohizo za Schengen zinaruhusu ombi kupelekwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na, kwa kawaida, si chini ya siku 15 kabla yake. Uamuzi hutakiwa kutoka ndani ya siku 15, lakini muda huo unaweza kurefushwa hadi siku 45. Mwombaji huhitaji pia bima ya safari yenye kinga isiyopungua euro 30,000. Jambo linalosahaulika ni kwamba siku hizo huanza kuhesabiwa baada ya ombi kupokelewa, na kupata miadi ya kulipeleka kunaweza kuchukua wiki nyingi kabla ya hapo. Kwa Marekani mzigo ni wa namna nyingine. Kifungu cha 214(b) cha sheria ya uhamiaji ya huko kinamchukulia mwombaji wa viza ya matembezi kuwa anakusudia kuhamia mpaka athibitishe vinginevyo, na barua yenu ya mwaliko, hata iwe na mihuri kumi, haithibitishi kwamba mtu ana kazi, masomo au familia ya kurudia. Mshika viza amweleze mwombaji jambo hilo mapema, ili aende na ushahidi wake mwenyewe.

Barua ya mwaliko nayo ni kazi ya mikono, si fomu ya kubadilisha jina tu. Iseme jina kamili la mwalikwa kama lilivyo kwenye pasipoti, namba ya pasipoti, tarehe na mahali pa mkutano, atafanya nini pale, na hasa nani analipa nini: tiketi, malazi, chakula, bima. Afisa wa viza akisoma kwamba "gharama zitagharimiwa" bila kuambiwa ni zipi na na nani, ana haki ya kutilia shaka. Itiwe saini na mtu ambaye simu yake itapokelewa ubalozi ukipiga. Msimwandikie mtu kwamba ni msemaji wakati si msemaji. Uwongo mdogo wa aina hiyo ukigunduliwa unaweza kumharibia safari zake za miaka mingi ijayo, huku nyinyi mkiendelea na mkutano wenu.

Litazuka swali gumu, na ni heri mlijibu kabla jopo halijakaa: je, mtu ambaye pasipoti yake hukataliwa mara kwa mara apunguziwe nafasi? Wapo wanaosema ndiyo, kwa hoja kwamba fedha zisikae bure. Mimi nasema hapana. Mtu huyo ndiye hasa mpango huu umewekewa, na mkianza kuwapima watu kwa nguvu ya pasipoti zao mtakuwa mnazifanyia kazi balozi. Mpimeni kama wengine, kisha mumtangulize kwenye foleni ya mshika viza, apate barua yake siku ya kwanza. Gharama za ombi lake mzilipe hata akikataliwa. Akikataliwa, nafasi yake iende kwa aliye wa kwanza kwenye orodha ya akiba, naye aliyekataliwa apewe kiti cha kushiriki kwa njia ya mtandao ikiwa kipo.

Mkata tiketi anasubiri neno la mshika viza. Tiketi isilipiwe kabla viza haijapatikana, isipokuwa ile inayorudishika. Pale ubalozi unapotaka kuona mpango wa safari, nafasi iliyoshikiliwa bila kulipiwa kwa kawaida hutosha. Jina kwenye tiketi linakiliwe kutoka kwenye pasipoti, tena kutoka ile mistari miwili ya herufi na alama iliyo chini ya ukurasa wa picha, kwa kuwa hapo alama kama ile ya mwisho wa "ng'" huondolewa na majina marefu hukatwa. Msimkatie mtu tiketi kwa jina analotumia kwenye baruapepe. Na mwambieni kila msafiri kwamba akikosa ndege ya kwanza bila taarifa, mashirika mengi hufuta safari zote zilizobaki kwenye tiketi hiyo, pamoja na ya kurudi.

Katika kazi hii nina kosa langu la kuwasimulia. Mwaka wa kwanza nilioishika nilimkatia mshiriki mmoja tiketi mbili za mashirika mawili tofauti ya ndege, kwa sababu zikijumlishwa zilikuwa nafuu kuliko tiketi moja. Sikufikiri kwamba, kwa kuwa tiketi hazikuunganishwa, begi lake lisingehamishwa lenyewe. Ingempasa alifuate, atoke nje ya eneo la abiria wa kupita, na alikabidhi upya. Kutoka nje ya eneo lile ni kuingia nchini, na kwa kuingia nchini alihitaji viza ambayo hakuwa nayo. Alizuiwa kwenye kaunta ya uwanja wa kwanza kabisa, saa tisa usiku, akanipigia simu akiwa amekaa juu ya begi lake, nami sikuwa na la kumwambia ila kuomba radhi. Tangu siku hiyo kila safari ninayoipanga ina tiketi moja, na kila mahali pa kubadilishia ndege napakagua kwa uraia wa msafiri mwenyewe. Marekani, kwa mfano, huwataka hata abiria wengi wanaopita tu kuelekea kwingine wawe na viza au kibali cha kielektroniki, na nchi kadhaa za Ulaya zina viza ya kupitia uwanja wa ndege kwa raia wa mataifa fulani. Akiba ya tiketi ya nafuu humezwa yote na safari moja iliyoharibika.

Kwa upande wa fedha, kanuni inayonilaza usingizi ni kwamba anayechagua asilipe, na anayelipa asichague. Mhazini wenu asome bajeti, asisome maombi. Kila malipo yaidhinishwe na watu wawili, mmoja wao akiwa kiongozi wa chama ambaye hayumo kwenye timu yenu. Hayo yanajulikana, kwa hiyo siyarefushi. Lisilojulikana sana ni kwamba utaratibu wa mtu kulipa kwanza kisha kurudishiwa kwa risiti, ambao wahasibu wanaupenda, humtenga yuleyule mliyekusudia kumsaidia. Mtu asiye na uwezo wa kununua tiketi hana pia uwezo wa kuinunua na kungoja miezi miwili arudishiwe. Tiketi na malazi mlipe nyinyi moja kwa moja. Ada ya viza, bima, picha na nauli ya kwenda ubalozini, ambao mara nyingi uko katika mji mwingine, zitumwe mapema hata kama ni fungu dogo, na makato ya hawala ya benki yawe juu yenu. Posho ya kujikimu akabidhiwe siku anayofika, si siku ya kufunga mkutano. Nimewahi kumwona mshiriki akikwepa chakula cha jioni na wenzake kwa kisingizio cha kuchoka, kumbe alikuwa anasubiri posho ya kesho yake. Jambo hilo lingezuilika kwa bahasha moja iliyotolewa saa 24 mapema.

Mtu wa ukumbini anaanza kazi wakati wengine wanapumua. Awe na orodha ya ndege zinazowasili, simu inayopokelewa usiku, na nakala ya barua ya mwaliko ya kila mtu, kwa sababu maafisa wa mpakani huweza kumpigia. Wafadhiliwa wavae beji zilezile za washiriki wengine, bila rangi wala neno la kuwatambulisha. Mipango mingine huwataka wafadhiliwa wasaidie kidogo, kama vile kuhesabu wahudhuriaji wa kikao au kumtunzia msemaji muda. Mimi naunga mkono jambo hilo likiwa dogo, la nusu siku, na likiwa limeandikwa kwenye tangazo tangu mwanzo, kwa kuwa humpa mgeni sababu ya kuzungumza na watu. Likitangazwa akiwa amekwisha kufika, linageuka kuwa deni.

Basi kwa watu wenu sita ningegawa hivi. Mmoja mratibu, mmoja viza na barua, mmoja fedha, na hawa watatu wasisome maombi kabisa. Mkata tiketi asome, kwa kuwa kazi yake haijaanza wakati wa kusoma. Wawili waliobaki wawe wasomaji sasa na watu wa ukumbini mwezi wa Oktoba, nanyi mwongeze wasomaji wa kuazima ili wafike watano au sita. Kila kazi iwe na mtu wa pili anayejua nywila na lahajedwali viko wapi, hata kama hafanyi lolote hadi aitwe. Mshika viza akichoka mwezi wa Julai, na huchoka, huyo wa pili ndiye atakayeokoa safari za watu.

Bado kuna kazi moja ambayo haina mwenyewe katika timu nyingi, na ningempa mratibu. Mkutano ukiisha, mtakuwa mmebaki na nakala za pasipoti za watu wasiopungua 20, namba zao za akaunti, na maelezo ya umaskini wao ambayo hawakuyaandika ili yasomwe na kila mtu. Wakiwamo waombaji waliomo katika Umoja wa Ulaya, huenda pia mkafungwa na sheria ya ulinzi wa data iliyoanza kutumika huko Mei 2018. Wekeni tarehe ya kufuta tangu sasa, tuseme siku 60 baada ya hesabu kufungwa, mkibakiza tu risiti ambazo mkaguzi atazihitaji. Siku hiyo mratibu afungue folda, afute, kisha awaandikie wasomaji wa kuazima nao wafute nakala walizozishusha kwenye kompyuta zao, na asiifunge kazi mpaka kila mmoja amjibu kwamba amefuta.